Tusitie sumu kwa mzoga: mbuzi zetu, fisi, chui na simba wa parki

Maneno ya komisyo ya mifugo mbele ya mkutano mkuu wa wanamemba. Yameandikwa vile yalisemwa, yakafupishwa kidogo.



Mkutano uliopita mlituachia swali moja, na mlituomba tujibu bila kuzungukazunguka. Fisi, chui, na mara moja moja simba, wanatoka parki usiku na kula mbuzi na ndama zetu. Basi, sanduku ya chama inunue dawa ya kutia kwa mzoga, wafe, tulale usingizi?

Jibu letu ni hapana. Lakini tunajua kama neno "hapana" peke yake halifungi zizi. Mtu ambaye mbuzi wake watatu wameliwa, ukimwambia "hapana" na kwenda zako, umemuacha vile ulimkuta. Njo maana leo tutasema mambo mawili: juu ya nini tunakataa sumu, na nini tutafanya pahali pake.

Kwanza tukumbuke mbuzi ni nini kwetu. Tuliporudi kutoka kampi za Uganda, wengi wetu tulikuta shamba imekuwa pori na nyumba imebaki msingi. Mbuzi wa kupokezana njo alitusimamisha: unapokea mbuzi mmoja wa kike, anazaa, unampa jirani mtoto wa kwanza wa kike, naye anafanya vile vile. Kwa hiyo fisi akila mbuzi mmoja, si lupango moja tu imelia. Yule anayengoja zamu yake amepoteza, na yule nyuma yake pia. Ni haki watu wakasirike. Hatukuja kuwaambia mpende fisi.

Sasa sumu yenyewe. Ile inayotumiwa mara mingi kwa kazi hii ni dawa ya wadudu ya shamba, aina ya carbofuran. Iliundwa iue wadudu wa mimea, lakini kiasi kidogo sana kinatosha kuua mtu. Ulaya imeikataza, na Marekani haikubali tena ibaki kwa chakula.

Ukitia sumu kwa mzoga, wewe hauchagui nani atakula. Yule fisi aliyekusumbua anaweza kupita njia ingine usiku ule. Atakayekuja ni mbwa wa jirani, ni kuku, ni tai. Mwaka 2019, kule Botswana, majangili walitia sumu kwa mizoga ya tembo 3. Tai 537 walikufa pale. Hesabu hiyo vizuri: mizoga 3, tai 537.

Mtu atasema: tai ni ya nini kwetu? Tai njo mfagiaji wa pori. Mzoga ambao tai wamemaliza kwa siku moja hauvuti mbwa na nzi siku kumi. Na sisi tunakaa kando ya maji yenye ugonjwa wa kimeta, ule waganga wa wanyama wanaita charbon. Mwaka 2004 na 2005, upande wa Uganda, kimeta iliua viboko kwa mamia katika parki ya Queen Elizabeth. Mwaka 2025 ikaua viboko wasiopungua 50 upande wetu, katika mto Ishasha na karibu ya ziwa Edouard. Hatusemi tai anatibu kimeta. Tunasema, pahali penye ugonjwa kama huo, hauui wafagiaji.

Halafu kuna watoto. Katika kijiji chenye njaa, nyama iliyolala njiani haikai pale siku nzima. Mtoto anaokota, mama anafurahi, sufuria inawekwa kwa moto. Hapa hatuhitaji kuongeza neno.

Wengine watajibu: sawa, iko na hatari, lakini inamaliza shida. Tuangalie kama inamaliza kweli.

Mwezi wa 4 mwaka 2018, karibu na kijiji cha wavuvi na wafugaji cha Hamukungu, ndani ya Queen Elizabeth, simba 11 walikutwa wamekufa. Nane kati yao walikuwa watoto. Wafugaji walishukiwa kuwatilia sumu kulipiza kisasi ya ng'ombe. Simba wale waliisha, lakini fisi wa Queen Elizabeth hawakuisha, na fisi njo mgeni wa usiku wa kila siku.

Mfano wa pili unajulikana na wale waliokaa kampi ya Nakivale, sababu ni jirani. Mwaka 1983 serikali ya wakati ule iligeuza eneo la ziwa Mburo kuwa parki na ikafukuza wafugaji. Mwaka 1985 serikali ile ikaanguka, watu wakarudi kwa malisho yao na hasira ya kufukuzwa. Hasira ile iliangukia nyama: waliuawa kwa wingi, juu watu waliona kama bila nyama hakutakuwa parki. Sisi tuliorudi tunaelewa moyo ule. Baadaye parki ikapunguzwa, sehemu kubwa ya udongo ikarudishwa kwa watu. Simba wa Mburo, kwa risasi na sumu, waliuawa mpaka karibu wote wakaisha. Je, ng'ombe na mbuzi wakalala salama? Hapana. Chui na fisi wanakula mifugo kule hadi leo. Walimaliza simba, shida ikabaki na meno mengine.

Sasa tuende mbali kidogo, sababu kuna ndugu zetu ambao HCR iliwapeleka Marekani, na wamoja wako Boise katika jimbo la Idaho, wengine Missoula katika Montana. Majimbo hayo ni ya ng'ombe na kondoo, watu wako na malisho ambayo sisi tungeita teritware nzima. Na wao wako na nyama anayewanyima usingizi: mbwa mwitu wa baridi, yule Wafaransa wanaita loup. Anawinda kwa kundi.

Wazungu wa kule walifanya yote ambayo sisi tunafikiri leo. Walitega, walipiga bunduki, walitia sumu, na serikali ilisaidia. Katika parki yao ya Yellowstone, mbwa mwitu wa mwisho waliuawa mwaka 1926. Miaka karibu 70 ilipita bila wao. Halafu mwaka 1995 na 1996 serikali ile ile ikaleta mbwa mwitu 31 kutoka Canada, ikawafungulia ndani ya Yellowstone, na wengine ikawafungulia kule Idaho. Wafugaji wakakasirika, na bado kuna ugomvi mpaka bungeni.

Wawindaji nao wakalia. Katika Yellowstone kuna swala wakubwa wenye pembe za matawi, wanaitwa wapiti. Kundi la kaskazini lilihesabiwa karibu 19,000 mwaka 1994. Mwaka 2013 hawakufika 4,000. Wawindaji walisema: mbwa mwitu wamekula yote. Wataalamu walijibu kama mbwa mwitu ni mmoja wao, lakini kuna dubu, kuna simba wa milima, kuna ukame, kuna bunduki za wawindaji wenyewe. Na kundi halikuisha, lilianza kupanda tena. Tunasema hivi ili mjue kama nyama wa meno, mifugo na nyama wa kuwindwa ni hesabu moja. Hauwezi kugusa upande mmoja bila mwingine kutikisika.

Lakini jambo la kutufaa zaidi ni hili. Katika Idaho, kuanzia mwaka 2008, wachungaji wa kondoo wa sehemu moja walijaribu njia ingine: kulala na kundi, mbwa wakubwa wa kulinda, taa, makelele, na kamba yenye bendera ndogo nyekundu kuzunguka zizi la usiku. Walifuata hesabu miaka 7. Sehemu ya jirani, ambako hawakulinda hivyo, kondoo waliliwa na mbwa mwitu mara 3.5 kupita sehemu iliyolindwa. Na walijifunza kama bendera peke yake haitoshi: kisha majuma machache mbwa mwitu anaizoea. Kumbe kilichosaidia ni mtu aliye macho, anayebadilisha mbinu kabla nyama hajazoea.

Inchi tajiri, yenye ndege na bunduki za kila aina, imerudi kwa kitu ambacho babu zetu walikuwa nacho: mchungaji anayelala karibu na kundi.

Turudi kwetu. Kabla ya kujenga, tuulize: juu ya nini wanatoka parki? Miaka ya 1970, Virunga ilikuwa na viboko karibu 29,000. Kufikia 2005 hawakufika 1,000. Vita, bunduki, biashara ya nyama na ya meno, vyote vilipita pale. Nyati na swala pia walipunguka sana. Simba aliyezoea kula nyati akikosa nyati, hatakula majani. Kila mtego wa waya tunaotega kwa swala, tunamnyang'anya fisi chakula chake, naye anakuja kuchukua chetu. Nyama ya pori tunayokula leo, tunailipa kesho na mbuzi. Tunajua njaa ndiyo inatega mitego, hatuhukumu mtu. Lakini mwenye kutega na mwenye kufuga, mara mingi ni jirani, au ni mtu huyo huyo.

Sasa kazi. Kitu cha kwanza: tujue nani amekula. Tumekuwa tunasema "simba" kwa kila mzoga. Simba anakamata shingo au koo, na anaweza kuangusha ng'ombe mzima. Chui anauma koo la mbuzi au ndama, anamvuta mbali, pengine anampandisha juu ya mti. Fisi anaanza nyuma na tumbo, anapasua, anavunja mifupa mikubwa, na mavi yake yakikauka yanakuwa meupe kama chokaa. Mbwa wa kijiji anauma mbuzi wengi, miguu na matako, na anakula kidogo tu. Usimlaumu simba kwa kazi ya mbwa wa jirani.

Kitu cha pili: zizi. Mbuzi wengi wanaoliwa usiku ni wa namna mbili: wale waliobaki inje sababu hakuna aliyewahesabu jioni, na wale waliolala ndani ya zizi bovu. Basi kila jioni tuhesabu. Aliyepungua atafutwe kabla ya giza. Zizi la mbuzi liwe na kipaa, juu chui anaruka. Chini tupange mawe makubwa, sababu fisi anasukuma na kuchimba. Mlango uwe na nguvu sawa na ukuta, maana njo pahali anapojaribu kwanza. Kwa ng'ombe, ukuta usiwe wa kuonea inje: simba mara mingi haingii, anatembea kando mpaka ng'ombe wasikie harufu yake, waogope, wavunje ugo wao wenyewe, na yeye anangoja inje.

Wafugaji wa Simanjiro, Tanzania, wamefanya ukuta wa miti hai: wanapanda vigingi vya mti unaochipuka, na kati yake wanafunga waya wa kusuka. Miaka inapita, ukuta unazidi nguvu pahali pa kuoza. Waya ni bei, tunajua. Lakini miti ya kuchipuka iko hapa, kila mtu anaijua kwa ugo wa nyumba. Tuanze na miti, na waya tutafute kidogo kidogo.

Juu ya taa: kuna kijana wa Kenya, Richard Turere, aliyekuwa anachunga ng'ombe za baba yake kando ya parki ya Nairobi. Akiwa bado mtoto, aliona kama simba anaogopa mtu anayetembea na tochi kuliko moto uliosimama. Akafunga taa ndogo za betri na sola kuzunguka zizi, zikawaka kwa zamu, kama mtu anazunguka. Ilisaidia, na wengine wakaiga. Ni akili ya kuangalia tu. Lakini mkumbuke bendera za Idaho: mbinu moja isiyobadilika, nyama atazoea.

Kitu cha tatu: watu. Watoto wako shuleni, na hatutaki watoke shuleni. Tunapendekeza nyumba 10 kwa 10 ziunganishe malisho, na watu wazima wawili wachunge kwa zamu. Karibu na Amboseli, Kenya, tangu 2007, vijana wa Kimasai wanalipwa kwa kufuata nyayo za simba, kuonya wachungaji leo wasipite upande ule, kutafuta ng'ombe waliopotea na kusaidia kufunga maboma. Wengi wao ni vijana ambao zamani wangesifiwa kwa kuua simba. Vijana wetu wanajua nyayo vizuri. Hali ya usalama haituruhusu kuingia pori, na hakuna mtu atakayetumwa kule. Lakini kuangalia nyayo asubuhi kando ya mashamba na kupiga simu kwa vikundi vingine, hiyo tunaweza.

Kitu cha ine ndicho kizito: kugawana hasara. Tunapendekeza hivi. Ndani ya kikundi cha nyumba 10, mbuzi wa kike akiliwa, mtoto wa kike wa kwanza atakayezaliwa ndani ya kikundi anaenda kwa aliyepoteza, ndipo mzunguko uendelee. Mbuzi kwa mbuzi, hakuna pesa, hakuna mtu wa kukaa na pesa. Kwa ng'ombe, chama hakiwezi kulipa mzima. Sanduku itoe sehemu tu, na kiasi chake mtapiga kura leo.

Lakini kuna masharti. Zizi liwe limepimwa na komisyo. Mzoga uonyeshwe kabla ya siku moja kupita, bila kukatwa. Kule Mbirikani, Kenya, ambako wanalipa ng'ombe walioliwa tangu 2003, boma likiwa bovu malipo inapunguka. Ni haki, sababu vinginevyo mwenye kufunga vizuri anamlipia mvivu.

Na mzoga usipoonekana? Wafugaji wa Marekani walilia juu ya jambo hili, sababu katika milima mingi ya ng'ombe hauoni hata mfupa. Jimbo la Wyoming, katika sehemu fulani, linakubali kulipa hadi mara 7 ya wale walioonekana, ili kufunika wasioonekana. Sisi hatuna pesa ya vile. Tunasema: damu au nyayo, na mashahidi wawili wasio wa nyumba hiyo, inatosha.

Sharti la mwisho tulibishana ndani ya komisyo, na hatukukubaliana. Wote tunasema: aliyetia sumu apoteze haki yake. Wamoja wanataka kikundi chake chote kikose msaada msimu ule, ili majirani waangaliane. Wengine wanasema si haki kumwadhibu mjane juu ya kosa la jirani yake. Tunaleta kwenu, mwamue ninyi.

Neno moja juu ya parki na serikali. Mtu anaweza kuuliza: juu ya nini sisi maskini tulishe nyama wa serikali? Ni swali la haki. Uganda, sheria inatoa sehemu 20 kwa mia ya pesa ya mlango wa parki kwa jamii za kando, na sheria yao ya 2019 imeweka njia ya kulipa mtu aliyepata hasara. Tangu 2001, kando ya ziwa Mburo, walijaribu uwindaji wa kulipa kwenye malisho inje ya parki, na sehemu ya pesa inaenda kwa jamii. Si kwamba yote inatembea vizuri, lakini njia iko, na sisi pia tuombe. Ila mtu haombi na mikono mitupu. Tuwe na kaye: tarehe, kijiji, nyama aliyeliwa, alama zilizoonekana, hali ya zizi, mashahidi. Kaye ya mwaka mmoja, imeandikwa vizuri na bila uongo, inasema kwa nguvu kuliko makelele ya mkutano mzima. Na sumu ikionekana kwetu mara moja tu, kaye ile imekufa: wataitika, "nyinyi ni wale wa sumu," na sheria ya inchi itaanza kutafuta watu wetu, si fisi.

Basi, wanamemba, mko na mambo manne ya kupiga kura leo: sumu ikataliwe kwa sheria ya chama, kiasi cha sehemu ambayo sanduku itatoa kwa ng'ombe, vikundi vya nyumba 10 vianze kupimiwa mazizi juma lijalo, na lile sharti la kikundi kizima, ndiyo au hapana. Kabla ya kura, yeyote aliyepoteza mbuzi mwaka huu asimame kwanza aseme, juu yeye njo anajua usiku ule ulikuwa namna gani. Sisi tunakaa, tunasikiliza.